Mume Hupimwa Mwisho, Miaka Haisubiri

Mwishoni mwa Novemba 2023 habari ilizunguka dunia kutoka Kampala: mwanamke wa miaka 70 amejifungua pacha. Mitandaoni watu walishangilia, wengine wakatania, na bila shaka wapo wanawake waliokwishavuka arobaini, hapa Arusha na kwingineko, waliolala usiku ule na matumaini mapya. Lililopita kwa sauti ya chini ni kwamba mayai hayakuwa yake. Yalitoka kwa mwanamke mwingine, yakarutubishwa maabara kwa mbegu za mwenzi wake, kisha kilichotungwa kikapandikizwa kwenye mfuko wake wa uzazi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la umri na uzazi. Mfuko wa uzazi huzeeka polepole, na ukisaidiwa kwa homoni unaweza kubeba mimba hata baada ya hedhi kukoma. Yai halina msaada wa namna hiyo.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote. Akiwa bado tumboni mwa mama yake, karibu wiki ya 20 ya ujauzito, ana mayai kati ya milioni 6 na 7. Siku anayozaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2. Anapovunja ungo ni 300,000 hadi 400,000 hivi. Akifika miaka 37 yanakadiriwa kuwa 25,000, na hedhi inapokoma, kwa wengi kwenye miaka 50 hivi, yamesalia kama 1,000. Katika maisha yote, mayai yanayopevuka na kutoka hayazidi 400 au 500. Mengine hufa mwezi baada ya mwezi, awe mjamzito, awe ananyonyesha, awe anameza vidonge vya uzazi wa mpango. Dada anayeamini kwamba sindano ya miezi mitatu imemtunzia mayai yake amekosea, na anayeamini kwamba imeyaua amekosea pia. Sindano huchelewesha tu: baada ya ile ya mwisho, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi tisa, kumi au zaidi kurudi. Wa miaka 24 atasubiri bila hasara. Wa miaka 37 alistahili kuambiwa kabla hajachomwa.

Idadi ni nusu ya habari. Nusu nyingine, iliyo nzito zaidi, ni ubora. Yai lilianza kazi ya kugawa kromosomu zake kabla mwenye yai hajazaliwa, likasimama katikati, likangoja. Likiitwa mwenye nalo akiwa na miaka 22, limengoja miaka 22. Likiitwa akiwa na miaka 41, limengoja miaka 41, na vishikizo vinavyozishika kromosomu pamoja hadi zigawanywe vimelegea. Matokeo yake ni yai lenye kromosomu moja pungufu au moja zaidi. Mara nyingi mimba haitungwi kabisa, au inatungwa na kuharibika mapema. Mara chache inafika mwisho, na mtoto anazaliwa na hali inayoitwa Down, ambayo kwa mama wa miaka 35 hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 350, na kwa mama wa miaka 40 kwa 1 kati ya 100. Utafiti mkubwa wa Norway uliotolewa mwaka 2019 ulionesha kwamba mimba zinazoharibika ni karibu asilimia 10 kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, na ni zaidi ya nusu kwa waliofika miaka 45. Kwa mwezi mmoja wa kujaribu, mwanamke wa miaka 30 ana nafasi ya karibu 1 kati ya 5 ya kushika mimba. Akifika 40 nafasi hiyo inashuka chini ya 1 kati ya 20.

Uso haujui lolote kuhusu hayo. Mwanamke wa miaka 43 anaweza kupanda Meru hadi kileleni, zaidi ya mita 4,500, akashuka Momella bila kulalamika goti, na mayai yake yakabaki ya miaka 43. Hedhi inayokuja kila mwezi kwa tarehe yake ni dalili njema, lakini haisemi mayai yaliyobaki yana hali gani.

Magazeti ya Ulaya hupenda kusimulia mambo haya kupitia mwanamke aliyeahirisha ndoa kwa ajili ya kazi. Arusha naye yupo, kwenye ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwenye mabenki, kwenye kampuni za utalii na vyuoni. Lakini Tanzania bado ni nchi ambayo mwanamke, kwa utafiti wa taifa wa mwaka 2022, huzaa kwa wastani watoto 4.8, na wengi hupata mtoto wa kwanza wakiwa na miaka 20 hivi. Mtu anaweza kudhani basi kwamba saa ya mayai haituhusu sana. Inatuhusu, ila hutuingilia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni mtoto wa pili. Binti anazaa akiwa na miaka 20. Baada ya uzazi anapata homa, tumbo linauma chini, anakandwa na maji ya moto, maumivu yanapoa. Au mimba ya pili inatolewa kichochoroni na mtu asiye na ujuzi. Au analetewa nyumbani kisonono au klamidia, na klamidia ina ubaya wa pekee: kwa wanawake wengi haitoi dalili yoyote. Maambukizi yanapanda kwenye mirija ya uzazi, ndiyo yale ambayo wengi wanayajua kwa herufi tatu, PID, na yakipona yanaacha makovu. Mirija ikiziba pande zote mbili, yai linatoka kila mwezi na mbegu zinaingia kila mwezi, na havikutani. Mwaka 1985 jarida la tiba la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika mabara kadhaa, na swali lake kuu lilikuwa kama Afrika ni tofauti. Ilikuwa tofauti. Ugumba wa Afrika ulitokana na maambukizi kuliko wa bara jingine lolote, na mara nyingi ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuzaa.

Hali hiyo ni ngumu kueleweka ndani ya ukoo. "Mbona alizaa?" wanauliza mawifi, kana kwamba kuzaa mara moja ni hati ya maisha. Mwanamke mwenyewe anajiuliza hivyohivyo, na kwa kuwa ana mtoto mmoja anangoja kwa subira miaka mitatu, mitano, minane. Anapofika kwa daktari bingwa ana matatizo mawili: mirija iliyoziba akiwa na miaka 23, na mayai ya miaka 36. La kwanza lingeweza kuonekana zamani. La pili limeongezwa na kungoja.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba wakati fulani wa maisha yake, na kipimo chake ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Huo mwaka mmoja ni wa walio chini ya miaka 35. Mwanamke aliyefika 35 aende baada ya miezi 6, na aliyefika 40 asingoje chochote. Asingoje pia yeyote ambaye hedhi yake inaruka miezi, aliyewahi kupata mimba ya nje ya kizazi, au aliyewahi kuugua PID.

Kati ya kanuni hiyo na mlango wa hospitali kuna safari ndefu, na kila mtu wa Arusha anaijua kwa hatua zake. Kwanza ukimya. Kisha swali la mama mkwe, lililofungwa kwa upole: "Mwanangu, mbona kimya?" Kisha dawa ya chango ya kuchemsha. Kisha tangazo la "kusafisha kizazi" linalotembea kwenye simu. Kisha maombi, ya mlimani na ya kanisani, au dua, kutegemea nyumba. Mkoa huu ndio ulioshuhudia mwaka 2011 misururu ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila cha shilingi 500, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa jinsi watu wenye shida wanavyotafuta tumaini. Sina ugomvi na sala. Ugomvi wangu ni na dawa za kuingiza ukeni zinazouzwa kwa jina la kusafisha: kizazi hakina uchafu wa kusafishwa kwa majani, na ukeni kuna bakteria wa kinga ambao dawa hizo huwavuruga na kufungua njia ya maambukizi yaleyale yanayoziba mirija.

Baada ya hayo linakuja duka la dawa. Muuzaji anatoa vidonge vya klomifeni vya kuchochea mayai bila kupima chochote. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, kama ilivyo letrozoli, kwa mwanamke ambaye mayai hayapevuki, mathalani yule mwenye vifuko vidogo vingi kwenye ovari na hedhi inayopotea miezi. Kwa mwenye mirija iliyoziba haina kazi. Kwa mke wa mwanamume asiye na mbegu haina kazi. Anaimeza mizunguko sita, anaambiwa aendelee, na mwaka mwingine umekwisha.

Hatimaye anafika hospitali, Mount Meru, kituo cha Walutheri cha ALMC, au anapanda basi hadi KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi. Anafika peke yake. Anafanyiwa ultrasaundi, anapimwa homoni, anapigwa picha ya mirija, kipimo ambacho dawa hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na eksirei ikaonesha kama inapita, na ambacho kwa wengi kinauma. Kote huko mumewe hajatoa hata tone.

Hili ndilo jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote katika habari hii. Mwanamume ana mchango katika karibu nusu ya matatizo ya wenza wanaokosa mtoto, ama peke yake ama pamoja na mke. Kipimo chake hakina sindano, hakina kisu, na ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kuliko vyote nilivyovitaja. Anajizuia siku 2 hadi 7, anatoa manii kwenye kikopo safi, maabara inayatazama kwa darubini ndani ya saa moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini wa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na mbegu zinazotembea asilimia 42. Jibu baya hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuwa imeziua. Kwa mantiki ya kawaida, kipimo rahisi ndicho kingetangulia. Kwetu kinakuja mwisho, na pengine hakiji.

Sababu kubwa ni kwamba wanaume wengi wanachanganya nguvu na mbegu. Mtu anaweza kuwa na nguvu za kiume tele na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwishatenganisha mambo haya mawili: kutoweza tendo la ndoa kunaweza kuwa sababu ya mahakama kubatilisha ndoa, ilhali kukosa mtoto hakumo. Sheria imeelewa, baraza la kahawa bado. Sababu nyingine ni mtoto wa nje. "Mimi nina mtoto Babati," anasema bwana, na mjadala umefungwa. Lakini mtoto wa miaka 12 iliyopita hasemi chochote kuhusu mbegu za leo. Katikati hapo huenda mishipa ya damu imevimba kwenye korodani, tatizo walilonalo wanaume karibu 15 katika kila 100 na zaidi ya theluthi moja ya wanaume wenye mbegu hafifu. Huenda kisonono kimeziba njia. Huenda kijana wa jimu anajichoma testosteroni ya kujaza misuli, asijue kwamba homoni hiyo ikitoka nje huziambia korodani zifunge kiwanda.

Kuna pia kazi. Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP waliongea wao kwa wao wakagundua kwamba hakuna aliyekuwa anapata mtoto. Walipopimwa, wengi hawakuwa na mbegu au walikuwa nazo chache mno. Dawa hiyohiyo iliwaacha maelfu ya vibarua wa mashamba ya ndizi ya Costa Rica wakiwa wagumba. Sisemi kwamba dawa zinazopuliziwa nyanya za Ngarenanyuki au mboga za Tengeru ni hiyo. Nasema kijana anayebeba pampu mgongoni bila glavu wala barakoa, nguo zimelowa, aulizwe na daktari anafanya kazi gani kabla mkewe hajapasuliwa tumbo.

Wala mwanamume hana kinga ya umri, ingawa wake ni mwendo wa taratibu. Hutengeneza mbegu mpya hadi uzeeni, lakini kila mzunguko wa kunakili huacha makosa. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulipata kwamba kila mwaka unaoongezeka kwa baba humpa mtoto mabadiliko mapya ya vinasaba takriban mawili. Baada ya miaka 40 na kitu mimba huchukua muda mrefu zaidi kupatikana, na huharibika zaidi hata kama mke ni kijana. Mzee anayeoa binti wa miaka 25 ili "apate damu changa" ameleta mayai machanga kweli, ila mbegu ni zake zilezile.

Gharama ya haya yote anailipa mwanamke. Watafiti Marida Hollos na Ulla Larsen, waliofanya kazi mjini Moshi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walikuta kwamba hata mjini, hata kwa waliosoma, umama ndio uliokuwa ukiamua jinsi mwanamke anavyotendewa na jamii na jinsi anavyojiona mwenyewe. Jamii za asili, tusizidharau, zilikuwa na njia za kupunguza makali. Kwa Wamaasai, mwanamke asiye na mtoto anaweza kupewa mtoto wa mke mwenza au wa ndugu akamlea kuwa wake kabisa, na wanawake hukusanyika kuombewa baraka ya uzazi kwa pamoja, si mmoja mmoja kwa kujificha. Mjini tumehifadhi lawama na kuziacha njia hizo. Iliyobaki kisheria ni kuasili, ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wake kupitia ustawi wa jamii na Mahakama Kuu, na wanaoifuata ni wachache.

Tiba ya maabara, ile ya kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili, imekuwepo tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Kampala ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006, na sasa Dar es Salaam nayo ina vituo. Kwa mtu wa Arusha, Nairobi kupitia Namanga ni karibu kuliko Dar es Salaam. Bei ni ya mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, wengi hulipa kutoka mfukoni, na kuna watu wameuza kiwanja. Kabla hawajauza, waulize swali moja: mayai ya nani? Tiba hii hupita mirija iliyoziba, na ikisaidiwa kidogo hupita hata uchache wa mbegu, lakini haifanyi yai kuwa changa. Mwenye miaka 43 na zaidi, akitumia mayai yake mwenyewe, ana nafasi ya asilimia chache tu kwa kila jaribio. Akitumia ya mwanamke kijana nafasi inapanda sana, na hapo ndipo maswali ya imani yanapoingia: wanazuoni wengi wa Kisunni wanaikubali tiba kati ya mume na mke waliooana lakini wanakataa yai au mbegu ya mtu wa tatu, na Kanisa Katoliki linaikataa tiba yenyewe, kwa tamko lake la mwaka 1987.

Kabla ya kufika huko kuna jambo jepesi zaidi, na ni la Arusha hasa. Ule mwaka mmoja wa kujaribu unahesabu watu wanaoishi pamoja. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu huishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo katika mwezi mzima kuna siku sita tu za mimba, zinazoishia siku yai linapotoka. Sasa mtazame dereva wa watalii: kuanzia Juni hadi Oktoba yuko Serengeti na Ngorongoro, anarudi nyumbani Njiro au Sakina siku mbili, anafua nguo, anaondoka. Mchimbaji wa Mererani anakaa machimboni hadi mfuko ukubali. Dereva wa lori anaijua Namanga kuliko kitanda chake. Wenza hawa wanaweza kutimiza miaka miwili ya ndoa wakiwa hawajazikuta siku hizo sita hata mara nne, na mke akaitwa tasa. Wanachohitaji kwanza ni kalenda: siku ya kwanza ya hedhi, urefu wa mzunguko, ute unaovutika kama ute wa yai bichi unapotokea, na ruhusa ya siku chache kutoka kwa bosi.

Na kipimo cha mbegu kina msimu wake pia. Masika ikishika, Aprili na Mei, barabara za mbugani zinageuka tope, kambi nyingi zinafungwa, magari ya utalii yanaegeshwa na madereva wanarudi majumbani kwa wiki nyingi mfululizo. Mke mwenye miaka 36 anayepanga kwenda kuonana na daktari angefanya vizuri kuchukua tarehe ya miezi hiyo, kwa watu wawili. Bwana hatakuwa na safari ya kusingizia.